Neno "Sasa" Liondoke

"Fungueni! Nani kanifungia humu? Fungueni, nimesema!"

Hakuna aliyekuja.

Wiki nzima nyinyi mmekula, mmelala, mmegombana na majirani zenu. Ambrose Quilty yeye bado yuko palepale tulipomwacha: ndani ya chumba cha makoti cha Baraza la Juu, hakuna dirisha, hakuna taa, na ufunguo umezungushwa kwa nje na mkono asioujua. Alikuwa ameingia kuchukua tumbaku yake tu. Sasa ukumbini kura inakaribia, naye anatoka jasho katikati ya makoti ya matajiri.

Akapiga mlango teke. Mlango ule ni wa mbao za zamani, si hizi za siku hizi. Teke likamrudia mwenyewe.

"Mama yangu!" akalia, akishika kidole cha mguu.

Kwa msomaji mgeni, nitasema haraka. Quilty ni mkata manyoya ya kondoo, mtu wa mabandani, mgongo umepinda kwa kazi. Serikali ya chama chake, Leba, imemwingiza Barazani mwezi huu huu kwa kazi moja tu: kulivunja Baraza lenyewe. Maana wajumbe wa Baraza la Juu la jimbo letu hawachaguliwi na mtu. Wanateuliwa, na ukishateuliwa umeteuliwa mpaka kaburini. Kila sheria ya kumfaa mnyonge ikipanda kutoka Bunge la chini, ikifika kwao inakufa. Ndipo Leba wakasema basi, tuwaingize watu wetu, walivunje, watoke zao.

Na hesabu ilikuwa wazi. Watu wa Leba wote wakipiga kura, wanashinda kwa kura moja. Akikosekana mmoja, kura zinafungana, na Spika wa Baraza, mzee Ormiston, ndiye anaamua. Kila mtu anajua mzee Ormiston ataamua vipi.

Asubuhi ile mkewe, Ita, alimfunga tai kwa nguvu mpaka akakohoa. "Amby, hii kura si ya chama," alimwambia. "Ni ya Clarrie. Usipoipiga, tafuta pa kulala."

Clarrie alikuwa mdogo wake Ita. Homa ya matumbo ilimuulia ndani ya kibanda cha wakata manyoya, kwenye shamba la kondoo la Sir Aubrey Dunwoodie. Kibanda chenyewe paa linavuja, choo kinapakana na kisima. Mwaka ule ulikuwapo mswada wa kuwalazimisha wenye mashamba kuwajengea watu vibanda vya kibinadamu. Ukafika Baraza la Juu. Baraza likasema tuutazame tena baada ya miezi sita. Clarrie hakuwa nayo hiyo miezi sita.

Tangu siku hiyo maneno hayo mawili hayatamkwi nyumbani kwa Quilty. Mtoto akiuliza Krismasi bado muda gani, anaambiwa nusu mwaka.

Haya, turudi chumbani.

Quilty alipapasa gizani mpaka akashika mwavuli. Wa nani, haidhuru. Akauchomeka kwenye upenyo wa mlango karibu na kitasa, akavuta kwa nguvu zote. Ukavunjika.

Akatafuta mwingine. Ukavunjika nao.

"Matajiri gani hawa wananunua miavuli ya makaratasi?" akafoka peke yake.

Mara ya tatu akapata fimbo ya kutembelea, nzito, kichwa cha shaba. Hiyo haikuvunjika. Kitasa kililia, mbao zikapasuka, mlango ukafunguka, na Mheshimiwa Quilty akaanguka nje kifudifudi juu ya zulia.

Akainuka akakimbia.

"Mheshimiwa! Hairuhusiwi kukimbia ndani ya jengo!" mhudumu mmoja akampigia kelele.

"Niache, bwana wewe!"

Mlangoni pa ukumbi akamkuta bawabu, mzee mwenye heshima zake, amesimama katikati. "Mheshimiwa, tai yako iko mgongoni."

"Kwani kura napiga kwa tai?"

"Sitaweza kukuruhusu, Mheshimiwa. Ni desturi."

Wacheni nikwambieni, hakuna kitu kinachochosha roho kama desturi ya watu wenye nafasi. Quilty akaivuta ile tai mbele huku akisikia kwa ndani sauti nyembamba ya mzee Ormiston ikisoma. Hakusikia mwanzo. Alichosikia, mlango ulipofunguliwa, ni mwisho tu.

"...baada ya miezi sita."

Jamani. Damu ilimpanda mpaka kwenye macho. Miezi sita! Wale wale, ukumbi ule ule, maneno yale yale!

"Wanaosema Ndiyo?" akauliza Spika.

"Ndiyo!" ukumbi ukanguruma. Quilty akajisemea hao ni akina Sir Aubrey, wenye mashamba wa Barazani.

"Wanaosema Hapana?"

"HAPANAAA!"

Quilty alisema kwa sauti ile ya kuitia mbwa wa kondoo upande wa pili wa kilima. Wazee wawili waliosinzia wakaruka vitini. Sauti yake ilizimeza zote, na juu kwenye roshani ya wageni Ita aliweka mkono kinywani.

"Nadhani waliosema Hapana wameshinda," akasema Spika, bado masikio yanamlia.

"Tuhesabiane!" wakapiga kelele watu wa Leba.

Kengele zikaanza kulia. Mpambe wa Baraza, yule mwenye fimbo nyeusi, akapindua chupa ya mchanga mezani. Mchanga ukiisha milango inafungwa, na aliye ndani yumo, aliye nje yuko nje. Waliosema Ndiyo wanakaa kulia kwa Spika, waliosema Hapana kushoto.

Quilty hakufikiri ni upande upi, aliwafuata watu wake akajibwaga kulia, karibu na rafiki yake Barney Shand. Hawa wawili waligawana blanketi moja ujanani, wakikata manyoya banda kwa banda. Wameteuliwa siku moja, wameapa siku moja. Tofauti yao ni ndogo: Quilty ile pasi ya dhahabu ya reli, ambayo kila mjumbe hupewa asafiri bure daraja la kwanza, aliitupa kwenye droo pamoja na visu. Shand ya kwake ameiningʼiniza kwenye mnyororo wa saa na kuisugua kwa leso kila asubuhi. Juzi tu aliuliza, "Hivi tukishalivunja hili Baraza, hizi tunarudisha?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Amby!" Shand alisema sasa, uso umempauka. "Umefikaje?"

"Nitakwambia baadaye. Umenisikia lakini? Nimewapa Hapana yao, mbwa hawa."

Shand akamwinamia. "Mwenzangu, unajua swali lilikuwa nini?"

"Miezi sita. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Hujasikia kitu." Shand akashusha sauti. "Hoja yetu ilisema mswada wa kulivunja Baraza usomwe *sasa*. Sir Aubrey akaleta mabadiliko. Anataka neno 'sasa' litoke, aweke 'baada ya miezi sita', na baada ya miezi sita kikao kimekwisha, mswada umekufa. Spika akauliza, neno 'sasa' libaki, lisitolewe kupisha 'baada ya miezi sita'? Wanaotaka libaki wanasema nini?"

Quilty akageuka kutazama kushoto. Kule amekaa Sir Aubrey.

"Wanasema Ndiyo," Shand akammalizia. "Ile Ndiyo ilikuwa yetu sisi. Wewe peke yako umepiga kelele na maadui."

"Sasa si basi? Nimekaa upande wa Ndiyo. Kura ni matako, si mdomo!"

Milango ikafungwa. Kufuli zikalia.

Hapo ndipo Sir Aubrey Dunwoodie akatoa kofia ndefu ya hariri chini ya kiti chake, akaivaa taratibu, akabaki ameketi. Mtu mnene, mweupe wa nywele, ana tabia ya kutabasamu kabla ya kukuumiza.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" akasema. "Ukumbi mzima umesikia Mheshimiwa Quilty akisema Hapana. Nadhani hata farasi walioko nje wamesikia. Na kanuni yetu inasema sauti ya mjumbe na kura yake haviachani. Aliyesema Hapana, akae na Hapana."

Upande wa kushoto wakagonga viti kwa furaha.

Quilty akaruka wima. "Mheshimiwa Spika, mimi nilikuwa—"

"Mjumbe aketi!"

"Lakini nataka kueleza—"

"Aketi! Wakati wa kuhesabiana hasimami mtu. Anayetaka kusema kuhusu utaratibu anasema ameketi na amevaa kofia."

"Kofia?"

"Kofia, Mheshimiwa. Bila kofia Spika hakusikii."

Quilty akajishika kichwani. Kofia yake iko wapi? Kule kule alikotoka, kwenye chumba cha makoti! Na milango imefungwa. Akamgeukia Shand, aliyekuwa na kofia magotini.

"Barney, nipe hiyo!"

"Haikutoshi, Amby."

"Nipe nijaribu!"

"Kichwa chako kikubwa, utaitanua." Na Shand akaiweka kofia chini akaikalia. Akaikalia, wasomaji wangu! Liwekeni hilo akilini.

Quilty alitazama huku, akatazama kule. Wenzake wa Leba wengi walikuja na vipara vyao tu. Sir Aubrey alitoa saa yake akaitazama. Ndipo kitu kikaanguka kutoka juu, kikapiga meza ya makarani, kikabingirika mpaka miguuni pa Quilty.

Kofia. Ya kike. Ya buluu, ina cheri za nta na nyoya moja la kasuku.

"Vaa!" Ita alikuwa ameinama juu ya ukingo wa roshani, nywele zimemwagika. "Vaa useme, we mwanamume!"

"Mtoeni mwanamke huyo!" akalia Spika.

"Namtafutia mume wangu sauti yake! Ninyi mna zenu tangu enzi za babu zenu!" Wahudumu wakamvuta mlangoni bado anasema.

Quilty akaivaa. Akafunga na utepe kidevuni, maana ilikuwa inateleza. Ukumbi ulilipuka. Wazee ambao hawajacheka tangu vita viishe walikuwa wanafuta machozi. Mkata manyoya mwenye uso wa jua na ndevu za siku mbili, ndani ya cheri na nyoya la kasuku.

"Mheshimiwa Spika," akasema, ameketi, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyewahi kusema maneno mazito ndani ya kofia kama ile. "Nilichelewa kuingia. Swali sikulisikia. Nilisikia miezi sita tu. Mimi miezi sita ninaijua, Mheshimiwa. Shemeji yangu alikufa ndani yake. Mtu akiitaja mbele yangu nasema hapana, nikiwa macho au nikiwa usingizini. Ile Hapana haikuwa ya swali lako. Ilikuwa ya kwangu."

Kicheko kikafifia hata upande wa kushoto, na Quilty akadhani amefanikiwa.

Mzee Ormiston akakohoa. "Kiti kinamsikitikia mjumbe. Lakini kutosikia swali si sababu. Sauti imetoka, nami nimeisikia. Mpambe, mwonyeshe Mheshimiwa upande wake."

"Siendi!"

"Ukikataa utatolewa nje, na kura yako itaandikwa pale pale iliposema sauti yako."

Hebu fikirini. Kukaa ni kushindwa, kukataa ni kushindwa. Mtu amevunja mlango, amevunja miavuli, amejivunjia na heshima yake, ili afike mahali ambapo kufika kwenyewe ndiko kosa. Angebaki amelala kwenye makoti, kura zingefungana tu. Quilty alitamani kulia, na alitamani kumpiga mtu, na hakujua aanze na lipi.

Akainuka. Akavuka zulia jekundu mbele ya macho yote, cheri zinacheza juu ya kichwa. Sir Aubrey akamsogezea nafasi.

"Karibu, Quilty. Mara ya mwisho ulikuwa nje ya veranda yangu unaomba maji safi."

"Hukutupa."

"Hamkuomba vizuri."

Wakahesabu. Upande wa kushoto ukashinda kwa kura moja. Ile ile.

"Neno 'sasa' limeondoka," akatangaza Spika. "Swali la pili, kwamba maneno 'baada ya miezi sita' yaingizwe mahali pake, nitalihoji tukishakunywa chai."

Na wajumbe wa heshima wakaenda kunywa chai.

Nje ya ukumbi kulikuwa kumechafuka. Habari zilikuwa zimeshafika barabarani, na watu wa vyama vya wafanyakazi waliokuja kushangilia walikuwa wamejazana mpaka kwenye ngazi. Quilty alipotokea, kofia mkononi, mtu mmoja nyuma akalisema lile neno.

"Panya!"

Kwa watu wa chama hakuna tusi linalozidi hilo. Panya ni yule anayekula na ndugu zake halafu anawauza. Akiitwa hivyo mtu, hauziwi bia, hasalimiwi, na banda analoingia wengine wanatoka.

"Panya! Panya! Panya!"

Ita alikuwa amesimama kando ya nguzo, kichwa wazi. Quilty akamwendea, akamnyooshea kofia yake. Cheri mbili zilikuwa zimepotea.

"Ita. Nilisikia wanasema miezi sita, na..."

"Nilikusikia." Aliichukua kofia lakini hakuivaa. "Miaka yote hii nimekuomba uwapigie kelele wale watu, Amby. Leo umepiga. Sijui nikushike mkono au nikuzabe kofi."

"Nizabe."

"Nitafikiria."

"Lakini sikiliza, mke wangu. Haijaisha." Akamshika kiwiko, maneno yanamtoka mbio. "Neno limetolewa, lakini pengo bado tupu. Wanarudi kuuliza miezi sita iingie? Swali la safari hii jibu lake ni Hapana. Hapana, Ita! Ile ile! Sote wa Leba tukisema Hapana tunashinda kwa kura moja, miezi sita haiingii, na mswada uko hai!"

Kwa mara ya kwanza siku ile Ita akakaribia kutabasamu. Akakaribia tu, maana Barney Shand alikuwa amepanda juu ya ngazi, mikono hewani, pasi ya dhahabu inametameta tumboni, anauhutubia umati.

"Ndugu zangu! Mimi nimepiga Ndiyo, mmeniona! Moyo wangu mweupe! Lakini rafiki yangu Quilty, inaniuma kusema, huyu ameuza. Mkitaka kujua alikuwa wapi wakati sisi tunapigana mle ndani, muulizeni! Alikuwa amejificha chumba cha makoti, anangoja wakati wa kuja kutuharibia!"

"Panya!" umati ukaitikia.

Quilty alisimama kama aliyepigwa na kitu. Si matusi yaliyomgusa. Kulikuwa na kitu katika maneno yale kilichokaa vibaya, naye hakijui ni kipi. Alikuwa amechoka mno.

Ita hakuwa amechoka.

"Barney," akaita. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu wakanyamaza, na walionyamaza wakawanyamazisha wengine. "Rudia hapo mwisho. Alikuwa wapi?"

"Chumba cha makoti, shemeji. Pole, lakini ukweli ni—"

"Mimi ni mkewe na nilikuwa sijui. Spika aliambiwa kachelewa tu. Bawabu amenieleza alimwona anakuja mbio, hakumwona anatoka wapi." Akamgeukia mumewe. "Amby, umemwambia mtu?"

"Hata mmoja," Quilty akasema polepole. Rangi ilikuwa inamrudia usoni. "Hata wewe sikukwambia. Nilifungiwa, Ita. Mtu alizungusha ufunguo kwa nje."

"Basi, Barney," akasema Ita, "nani kakwambia wewe?"

Shand akacheka. Kicheko chenyewe kikavu. Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaenda kwenye mfuko wa kizibao na kuufunika.

Quilty aliuona, akaukumbuka ule ufunguo. Ikamjia yote kwa mpigo: ile "umefikaje", ile kofia iliyokaliwa. Apige Ndiyo mbele ya watu, mikono safi, mwenzake afungiwe, Baraza libaki, na treni ya daraja la kwanza ibaki mpaka kufa.

"Barney. Blanketi moja, Barney," akasema.

Kabla hajajibiwa, kengele zikaanza kulia. Chai imekwisha. Swali la pili.

Na Barney Shand akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Hakukimbilia ukumbini. Aligeuka, akashuka ngazi mbili mbili, akapasua umati kuelekea lango la barabarani. Maana bila yeye kura zinafungana, na zikifungana mzee Ormiston anaamua.

"Mshikeni!" akalia Quilty.

Hakuna aliyemshika. Watu walikuwa bado wanamtazama Quilty, panya wao, wasijue wamwamini nani.

Aliyefika langoni kwanza alikuwa Ita. Hakuwa na silaha. Alikuwa na kofia ya buluu mkono mmoja, na mkono wa pili ukaukamata ule mnyororo wa saa, pamoja na pasi na kila kilichoningʼinia, akauzungusha kiganjani mara mbili kama mtu anayefunga farasi.

"Niachie, shemeji! Utaukata!"

"Ukikatika utaenda bila hiyo dhahabu," Ita akasema, uso kwa uso naye. "Chagua. Ila mdogo wangu aliambiwa angoje miezi sita, Barney, na leo mimi singoji hata mmoja."

Nyuma yao, ndani, mchanga ulikuwa umeshaanza kushuka.